Mtoto wa Mbwa Analia Kizimbani: Tafuta Chanzo Kabla ya Kufungua Mlango

Kilio cha mtoto wa mbwa aliyefungiwa si cha aina moja. Kipo cha kibofu kilichojaa, kipo cha baridi, kipo cha hofu, na kipo cha mbwa aliyekwisha kujua kwamba akipiga kelele mlango hufunguliwa. Dawa ya kimoja ni sumu kwa kingine. Ukimpuuza mwenye hofu, hofu yake inakua. Ukimkimbilia kila mara anayedai tu, kesho atadai kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo sikiliza na umtazame kwanza, kabla mkono haujaenda kwenye komeo.

Nchini Uganda mbwa wengi hufungiwa mchana kwenye kibanda cha uani na kufunguliwa usiku walinde nyumba. Kizimba cha mtoto wa mbwa ni kitu kingine. Hukaa ndani ya nyumba, hutumika kwa muda mfupi mfupi, na kwa mbwa kiwe kitanda chake. Hata kama unamlea aje kuwa mlinzi, usimwache ajililie usiku kucha ukidhani ndiyo atakuwa mkali. Mbwa aliyekua akitetemeka peke yake huelekea kuwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayemuuma mtoto wa jirani na kumkimbia mwizi.

Kagua kizimba chenyewe

Mbwa aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala ubavu akiwa amenyoosha miguu. Nafasi inayozidi hapo huwa choo: atalala upande huu na kukojoa upande ule. Mbwa wa kienyeji akishakua, urefu wa sentimita 90, upana wa 60 na kimo cha 65 humtosha. German Shepherd anahitaji karibu 107 kwa 71 kwa 76. Huna haja ya kununua viwili. Tengeneza cha ukubwa wa mwisho, kisha weka ndani ubao wa plaiwudi unaosogezwa kama ukuta, na uurudishe nyuma kadiri mbwa anavyokua.

Mafundi wa kuchomelea wa Katwe, jijini Kampala, watakutengenezea kizuri ukiwapa vipimo, ila wengi wamezoea madirisha na mageti, hivyo mambo haya yaseme mapema. Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 2.5, maana kwenye pengo pana zaidi kichwa au taya hunasa. Ncha zote za ndani zisuguliwe kwa tupa mpaka upitishe kidole bila kukwaruzwa. Sakafu iwe ya plaiwudi. Wavu huumiza nyayo na hunasa kucha. Komeo lifunguke kwa mkono mmoja, kwa sababu saa 7 usiku mkono wa pili utakuwa umeshika tochi. Rangi mpya iachwe ikauke mpaka harufu iishe kabisa, kwani mbwa mchanga hulamba kila anachokutana nacho.

Na kila anapoingia, mvue mkanda wa shingoni. Ukinasa kwenye nondo unaweza kumnyonga kabla hujajua.

Hataki hata kuingia

Kumbuka alifikaje nyumbani. Wengi huja nyuma ya boda boda, wamefungiwa, jua na vumbi na honi njia nzima. Kama alisafirishwa ndani ya kizimba hicho hicho, ndivyo anavyokijua. Kioshe kwa sabuni, kibadilishe mahali, tandika kitambaa kingine. Chanzo cha pili ni kumsukuma makalio aingie. Cha tatu ni kumfungia humo kama adhabu baada ya kutafuna kiatu. Hayo mawili yaache leo.

Mlango ufunge kwa kamba ubaki wazi, usije ukajipiga kwa upepo na kumshtua. Weka bakuli la chakula mlangoni, na kila mlo ulisogeze ndani kiasi cha upana wa kiganja. Katikati ya milo, mtupie kitu kidogo kitamu ndani, aingie, achukue, atoke akitaka. Mukene, yaani dagaa, ni tuzo nzuri kwa kazi hii: ni mdogo, unanukia, na bei yake inavumilika. Uliokaushwa chini huja na mchanga mwingi. Uloweke, uoshe kwa maji mawili au matatu, uuchemshe kidogo, kisha mpe samaki mmoja mmoja. Wenye chumvi usiutumie. Utajua hatua hii imekamilika utakapomkuta amejilaza humo mwenyewe mchana bila kuitwa.

Anaingia vizuri, lakini mlango ukifungwa anaanza

Hapa ndipo wengi hukwama, na chanzo cha kawaida ni kwamba mlango ulifungwa kwa muda mrefu mapema mno. Mbwa amezoea kizimba kilicho wazi; kilichofungwa ni kitu kipya kwake na kinahitaji mafunzo yake.

Anza wakati wa chakula. Funga mlango akiwa anakula, fungua kabla hajamaliza. Ukichelewa mpaka bakuli likwishe, anainua kichwa, anaona amefungiwa, na hilo ndilo atakalolikumbuka. Akishazoea, ongeza sekunde baada ya chakula huku umeketi sakafuni kando yake: tano, kumi, tano tena, ishirini, kumi, thelathini, kumi na tano, dakika moja. Usipande moja kwa moja kama ngazi. Kama kila zamu ni ndefu kuliko iliyopita, mbwa hutambua kwamba mambo yanazidi kuwa magumu na huanza kukataa kuingia. Zamu fupi zikichanganywa na ndefu hujua kwamba mlango hufunguliwa tu, wakati wowote. Fanya hivi mara tatu mpaka tano kwa siku, dakika chache kila mara.

Baada ya hapo simama. Kisha piga hatua moja, rudi. Kisha nenda mpaka mlango wa chumba, rudi. Kisha toka machoni pake kwa sekunde tano. Akilia kwenye hatua fulani, usiirudie hiyo hiyo kwa matumaini; rudi kwenye nusu ya muda wa mwisho alioumudu na upande upya.

Sasa akilia, ni kilio gani? Kipimo kilicho rahisi kuliko vyote ni chakula. Mtupie mukene kupitia nondo. Anayedai tu ataula, atakutazama usoni, atabweka, atanyamaza kidogo kusikiliza kama unakuja, kisha ataanza tena. Huyu msubiri. Usimwambie “nyamaza”, maana hata kukemewa ni mazungumzo. Akikaa kimya sekunde tatu, fungua bila shangwe. Mwenye hofu hataugusa mukene hata ukimdondokea puani. Anahema mdomo wazi, masikio yamelala nyuma, mate yanamtoka, na anautazama mlango badala ya kukutazama wewe. Huyu mfungulie sasa hivi, na kesho anza na muda ulio mfupi sana. Kumfungulia hakumdekezi, kwa sababu mbwa aliye kwenye hofu hajifunzi chochote isipokuwa kwamba mahali hapo panatisha.

Kuna chanzo kingine ambacho hudhaniwa kuwa ukaidi, nacho ni uchovu. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 mpaka 20 kwa siku. Akikaa macho saa mbili mfululizo huku watoto wanamchezea, anakuwa kama mtoto wa binadamu aliyepitwa na saa ya kulala: anauma vidole, anakimbia ovyo, anabweka bila sababu. Umweke kizimbani kabla hajafika hapo, baada ya karibu saa moja ya kuwa macho, na kwa mpangilio usiobadilika: ameamka, choo, amekula, choo, amecheza, choo, kizimbani. Mbwa aliyechoka kidogo na mwenye kibofu kitupu hulala ndani ya dakika kumi.

Nyumba nzima ifuate kanuni moja. Baba akisubiri ukimya, na dada wa kazi akifungua kwa huruma kila anapolia, mbwa anajifunza kulia mpaka dada aje. Watoto waelezwe kwamba aliyeko kizimbani hasumbuliwi, haguswi mkia, hatiwi kijiti kwenye nondo.

Usiku

Hadi juzi alikuwa analala kwenye rundo la ndugu zake, joto la miili yao likimzunguka. Leo yuko peke yake sebuleni gizani. Kilio cha usiku wa kwanza ni cha upweke, na dawa yake ni kukaa karibu. Weka kizimba kando ya kitanda chako, umbali ambao mkono unafika ukiwa umelala. Akilia muda mfupi baada ya kutoka choo, ingiza vidole kati ya nondo avinuse, nyamaza, subiri. Kwa wengi hiyo inatosha.

Chupa ya maji ya moto husaidia pia. Chukua ya plastiki ya lita moja na nusu, ijaze maji ambayo kifundo cha mkono kinaweza kuyavumilia, ifunge vizuri, izungushie soksi au kitambaa mara mbili, na uilaze upande mmoja tu ili aweze kuhama akiona joto limezidi. Kabale, ambako usiku baridi huingia mifupani, usikose kuiweka. Gulu wakati wa kiangazi utakuwa unampika.

Kibofu kina hesabu yake. Mchana, umri wa miezi ukiongeza moja ndio saa nyingi kabisa za kustahimili, kwa hiyo wa miezi miwili ni saa tatu, na hata hizo si ahadi. Hapo si kwamba unaweza kumfungia saa tatu mfululizo kila siku. Mchana, wa wiki 8 hadi 10 mwache humo nusu saa hadi saa moja kwa zamu. Wa wiki 11 hadi 14, saa moja hadi tatu. Akifika miezi minne, saa tatu hadi nne. Usiku mwili hupoa na mkojo hupungua, hivyo hufika mbali kidogo.

Mpe mlo wa mwisho saa 12 jioni, ondoa maji saa 2 usiku (siku za joto kali mwachie kidogo), choo cha mwisho saa 4. Tega kengele saa 7 usiku na saa 10 alfajiri, umtoe kabla hajalia. Mbebe mpaka nje, maana akitembea mwenyewe atakojoa njiani. Mwanga hafifu, hakuna maneno wala mchezo, akishamaliza arudi. Akikaa usiku kadhaa mkavu, sogeza kengele mbele dakika 15 au 30.

Mbwa aliyenyamaza kwa muda wa saa tatu kisha akaamka akilia ana mkojo, mtoe. Anayelia saa ile ile kila usiku, mtafute anayemwamsha: jogoo wa jirani, mwadhini, askari anayebadilishana zamu, au mwanga wa gari unaopita dirishani. Kufunika kizimba kwa kitambaa chepesi pande tatu, upande wa mbele ukibaki wazi, humaliza mengi ya hayo.

Kumhamishia sebuleni kunafuata baada ya wiki mbili au zaidi za usingizi mzuri, hatua moja ya mguu kila usiku wa pili. Kwenye muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, huna sebule, na pazia linafanya kazi yake: kizimba kikianzia upande wa kitanda, kivuke polepole mpaka upande wa pili wa pazia, asikuone lakini akusikie ukipumua. Ukuta wa muzigo hauzuii sauti, kwa hiyo mwone jirani kabla ya usiku wa kwanza, umwombe uvumilivu wa wiki moja au mbili. Jirani aliyeombwa mapema hagongi ukuta, na ukuta usipogongwa mbwa hashtuki.

Anajisaidia ndani ya kizimba

Akikojoa pembeni na kulala upande mwingine, kizimba ni kikubwa, sogeza ubao. Akikojoa palepale alipolala, huenda tandiko linanyonya mkojo na yeye anabaki mkavu. Ondoa blanketi kwa wiki moja, alale juu ya plaiwudi tupu iliyopigwa deki.

Kama ni kinyesi, angalia saa za chakula. Wengi hutoa haja kubwa kati ya dakika 5 na 30 baada ya kula, hivyo kumfungia mara tu anapoacha bakuli ni kumtega. Mpe chakula mara tatu au nne kwa siku, saa zile zile. Bakuli lililobaki wazi mchana kutwa huleta haja isiyo na saa. Posho (ugali) nyingi yenye mchuzi kidogo hujaza utumbo na kutoa kinyesi kingi. Ipunguze, uongeze mukene, yai au nyama.

Harufu iliyobaki humwita arudie. Osha kwanza kwa sabuni na maji, suuza, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ukitaka kuua virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, tumia Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, uiache dakika kumi, kisha suuza sana na ikauke kabla mbwa hajarudi. Siku hiyo siki usiiguse: siki na Jik zikikutana hutoa gesi yenye sumu. Jik juu ya mkojo ambao haujasuuzwa pia hutoa mvuke mbaya kwa mapafu, yako na ya mbwa.

Mgumu zaidi ni yule aliyekulia kwenye tundu chafu akiuzwa, ambaye alilazimika kulala juu ya uchafu wake mpaka akauzoea. Kwake kanuni ya “mbwa hachafui anapolala” imevunjika. Mtoe kila dakika 45 mchana, mlishe ndani ya kizimba, badilisha sakafu isifanane na ya kule alikotoka, na ujiandae kwa wiki nyingi. Hana kosa, usimkaripie.

Choo kiwe ndani ya ua wako mpaka chanjo zikamilike. Kando ya barabara wanapita mbwa usiowajua, na parvo hudumu udongoni kwa miezi.

Yuko shwari ukiwepo, ukitoka tu ni vita

Amejifunza kusoma dalili za safari yako: funguo zinalia, viatu vinavaliwa, mkoba unabebwa. Zivunje maana. Chukua funguo, kaa chini. Vaa viatu, pika chai. Fungua mlango wa nje, ufunge, baki ndani. Rudia mpaka asiinue kichwa. Kisha toka kweli, sekunde kumi, rudi kimya kimya. Acha simu ya zamani ikirekodi, kwa sababu jirani atakwambia “alilia mchana kutwa” wakati alilia dakika sita, au atakuhurumia aseme “hakulia” wakati alilia saa nzima. Akinyamaza ndani ya dakika chache na kulala, unaendelea vizuri. Kilio kikipanda tu, umekwenda mbali mno.

Muda huo mpe kazi ya kulamba: mpira wenye tundu uliojazwa posho laini na karanga za kusaga kidogo. Karanga ziwe safi, bila harufu ya ukungu, kwani sumu ya ukungu wa karanga huharibu ini la mbwa. Za kopo ziwe zisizotiwa utamu wowote. Xylitol, kitu kinachotia utamu badala ya sukari, ni hatari kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo.

Ukiwa unatoka alfajiri na foleni inakurudisha usiku, kizimba hakitakusaidia kwa mtoto wa mbwa. Zungushia kona ya nyumba uzio wa mita 1.5 kwa 2, kizimba kiwe ndani yake kikiwa wazi, choo cha muda upande wa mbali, na mtu wa kuja adhuhuri.

Anang'ata nondo, kifua kimelowa mate

Kucha zilizokatika, damu kwenye fizi, kinyesi dakika chache baada ya kutolewa choo, chakula kitamu kisichoguswa: acha kumfungia leo hii. Hiyo ni hofu iliyovuka mpaka, na kuendelea kutaizidisha. Tumia uzio, arudi hatua ya mlango wazi, na aonwe na daktari wa mifugo, kwa sababu maumivu nayo huleta sura hiyo. Tazama pia chini ya nyayo: funza waliomwingia kutoka sakafu ya udongo humfanya asitulie popote. Kutapika, kuhara, hasa kukiwa na damu, au kulala bila nguvu ni safari ya daktari siku hiyo hiyo. Dawa ya minyoo hutolewa kila wiki mbili mpaka afikishe wiki 12, na chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu.

Joto, mvua, siafu

Chini ya mabati yasiyo na dari, adhuhuri ni tanuri. Ingiza mkono wako kizimbani uuache dakika tano; joto likikukera wewe, mbwa mwenye manyoya ameshindwa tangu mapema. Kihamishie kwenye sakafu ya saruji mbali na dirisha la jua.

Mvua kubwa ikipiga mabati na radi ikafuata, hata aliyekwisha kuzoea anaweza kushtuka. Usiifanye siku ya kuongeza muda. Fungua mlango, keti karibu, mtupie vitamu mvua inapoanza kudondoka.

Siafu, ambao Waganda huwaita ensanafu, hutembea sana nyakati za mvua, na mbwa aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Hii peke yake inatosha kizimba kisilazwe nje wala barazani. Usiku wa mvua pitisha tochi kwenye kizingiti na nyufa za ukuta kabla ya kulala, na kama kizimba kina kufuli, ufunguo ubaki ndani ya kufuli.